Moto Iko Kamatanda

Siku nyumba ya rafiki yangu Viviane ilipowaka, wazima moto wetu walikuwa mbali, huko Kamatanda. Wamesimama na ndoo mikononi, mahali ambapo hapakuwa na moto wala moshi.

Aliyewatuma huko ni mimi.

Ndiyo, mimi. Msinitukane bado. Someni mpaka mwisho, halafu mtukane yule anayestahili. Mimi mwenyewe nimeshamtukana, na bado sijatosheka.

Naitwa Carine. Hapa Likasi wananiita Mama Shalom, kwa jina la mwanangu wa kwanza. Nina kibanda cha kuuza unités, vocha za simu, na kuchaji simu, kando ya barabara ya kwenda sokoni. Mume wangu ni Elie, anavunja mawe ya chokaa Kakontwe, na akitoka kazini huwa mweupe kuanzia nywele hadi viatu.

Mtaani kwetu, ukisubiri gari kubwa la zimamoto unasubiri majivu. Kwa hiyo tulijipanga wenyewe. Wanaume wa kujitolea, hakuna mshahara, hakuna hata soda. Tukawapa ndoo, majembe, ngazi ya chuma na mifuko ya mchanga.

Na pampu. Motopompe nyekundu, inayovuta maji kisimani na kuyarusha mpaka juu ya bati. Hiyo tuliinunua sisi wanawake wa soko. Wa mboga alichanga, wa makala, yaani mkaa, alichanga, wa samaki wa ziwa Tshangalele alichanga, mpaka ikapatikana. Siku ilipofika tuliichezea ngoma kama bibi harusi.

Mkuu wa kikosi alikuwa Arsène, fundi wa kuchomelea vyuma. Huyo alijua kazi. Aliwafundisha wenzake kukata umeme kwanza. Wabomoe bati la upande unakoelekea upepo. Maji wayamwage kwenye ukuta ambao haujashika, kwa sababu ule ulioshika umeshaondoka. Moto wa mafuta wautupie mchanga.

Viviane ndiye aliyewashonea gilets zao, vizibao vya rangi ya machungwa. Ya Elie ilipochanika mgongoni, aliitia kiraka cha kitenge cha manjano, bila kuomba chochote. Ndivyo alivyo Viviane. Mikono yake haikujua kukaa.

Mimi nilipewa simu. Namba yake ilipakwa rangi kwenye kuta za mtaa mzima, mpaka kwenye kibanda changu. Kanuni ilikuwa fupi: nani, wapi, kinaungua nini, kisha kata simu uwaite wanaume. Maneno mengi yanachoma nyumba.

Na kama mtu amepiga bila kusema mahali, nilitakiwa nimpigie président wa kikundi chetu, Papa Germain. Nyumba yake iko juu, kwenye mwinuko. Ukisimama barazani kwake unaona mabati yote ya mtaa. Yeye alikuwa macho yetu, na pampu ililala kwake kwa sababu ana ukuta na lango la chuma.

Papa Germain pia ndiye parrain wetu, mimi na Elie. Alitusimamia kanisani siku ya ndoa. Wenye kuijua desturi yetu wanaelewa maana yake. Parrain ni baba wa pili. Mkigombana mnaenda kwake, na mbele yake hamnyanyui sauti.

Sasa sikilizeni.

Ilikuwa mchana wa mwezi wa tisa, kiangazi, upepo unazoa vumbi na mifuko ya plastiki. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Viviane alikuwa ameanza kupiga pasi nguo za wateja, umeme ulipokwenda akaiacha pasi mezani, juu ya vitambaa, akaenda kuchota maji.

Umeme ukarudi.

Kibandani kwangu simu ikalia. Namba ngeni.

"Allô?"

"Moto! Moto, mama, moto! Kuya mbio, ku..."

Ikakatika.

Nikapiga tena. Haipatikani. Sauti sikuitambua, maana mtu akipiga kelele vile sauti yake si yake tena. Nikampigia président.

"Président, moto iko wapi?"

Nyuma yake kulikuwa na ngurumo ya injini, nikadhani ni lori linapita.

"Mama Shalom," akasema polepole. "Nani alikuambia?"

"Président, wakati hakuna! Moto iko wapi?"

Akavuta pumzi.

"Iko Kamatanda. Mais..."

Nikakata, hiyo "lakini" yake sikuisubiri. Kanuni ni kanuni. Nikampigia Arsène.

"Arsène, moto iko Kamatanda! Pitieni kwa président mubebe pompe!"

"Kamatanda? Mbali vile?"

"Président njo anasema!"

Walipanda pick-up ya jirani, Elie miongoni mwao, maana siku hiyo hakuwa na zamu. Baada ya muda Arsène akanipigia wakiwa langoni kwa président. Akasema Mama Daniella, mke wa Papa Germain, amewaambia kwamba mumewe ameshakwenda Kamatanda na pampu. Basi wanamfuata.

Nilijisikia fahari, ndugu zangu. Nikasema, angalia kiongozi! Wengine bado wanavaa viatu, yeye ameshafika kwenye moto.

Mjinga mimi.

Walipokuwa wanafika huko ndipo nikageuza kichwa, nikaona moshi. Si upande wa Kamatanda, ni hapa hapa, nyuma ya soko. Clotilde, muuza makala, akaja anakimbia bila viatu.

"Mama Shalom! Nyumba ya Viviane inaungua! Bazima-moto beko wapi?"

Niliacha kibanda wazi, simu sikioni, nikimwita Elie nikikimbia. Alipopokea nilipiga kelele barabara nzima ikageuka. "Murudie! Ni kwa Viviane! Murudie mbio!"

Hakuuliza kitu. Alisema tu, "Ee Mungu," akakata.

Tulipofika, majirani walikuwa wamepanga mstari na mabeseni. Beseni moja, beseni la pili, na upepo unacheka. Maji yalifika mlangoni tu. Ndani vitambaa vilikuwa vinawaka kama vimelowekwa petroli.

Viviane alikuwa nje, salama. Watoto wake walikuwa shule. Nikamshika mabega. Akanitazama kama hanijui, akasema, "Machine yangu," akaniponyoka.

Msiniulize kwa nini aliingia kwa ajili ya cherehani. Ile cherehani ndiyo iliyolipa shule, ilipika ugali, ilimzika mumewe kwa heshima. Alitoka ameikumbatia, chuma chote, na hakuiachia mpaka alipofika kwenye mchanga. Alipoiachia, ngozi ya viganja vyake ilibaki kwenye chuma.

Nimemaliza hapo. Siwezi kuandika zaidi.

Pick-up ilifika nyumba imeshaanguka bati. Wanaume wakaruka, pampu wakaishusha imejaa matope mekundu. Arsène akatia bomba kisimani, akavuta kamba, injini ikaitika. Bomba likakohoa matope, likatema tena, likanyamaza. Kichujio kilikuwa kimeziba. Elie alipiga magoti akikikwangua kwa kucha huku analia, na mimi nikawaza, angalia moyo wa mume wangu.

Walipomaliza kukisafisha hapakuwa na kitu cha kuzima.

Kesho yake tuliitwa kwa président. Ua mzima umejaa. Papa Germain alivaa shati jeupe, akasimama barazani na uso wa msiba.

"Bandugu yangu," akaanza, "tusimufanyie Mama Shalom mubaya. Ni mwanamuke, alikuwa na panique. Alinipigia: 'Président, moto iko Kamatanda!' Minye nikapakia pompe, nikaenda mbio. Bantu bote benye kuwa mu équipe balinikuta nilishatangulia. Si vile, Arsène?"

"Njo vile," Arsène akajibu akitazama viatu vyake.

Niliruka. "Président! Minye nilikuulizaka! Weye njo uliniambia Kamatanda, na kinywa yako!"

Akanitazama kwa huruma. Hiyo huruma ndiyo inayonichoma mpaka leo.

"Mama, réseau ya telefone ilikuwa mubaya. Mwanamuke akishikwa na woga, anasikia bile bintu haiko."

Nikamgeukia Elie. "Bwana yangu, sema kitu!"

Elie akasema, "Tulikuta président alishatangulia."

Basi. Ushahidi umefungwa. Simu nikanyang'anywa mbele ya watu, na kabla sijafika nyumbani nilikuwa nimepata jina jipya. Mama Kamatanda. Wateja waliokuja kuchaji simu walitania, "Mama Kamatanda, utachaji huku ama utaituma Kamatanda?" Wengine waliniambia usoni kwamba lawama ya mikono ya Viviane iko juu yangu.

Yote hayo ningeyameza. Ila Viviane naye aliamini.

Alitoka hospitali na bandeji mpaka kwenye viwiko, akaenda kukaa chini ya bâche, turubai, kwenye kiwanja chake kilichoungua. Nilimpelekea bouillie, uji wa moto. Hakuigusa.

"Nilikuitaka na telefone ya muntu," akasema bila kuniangalia. "Ukasikia sauti yangu. Ukabatuma Kamatanda."

"Viviane, sikukujua..."

"Enda, Mama Shalom."

Nilikwenda. Nilianza kujishuku. Labda kweli nilitaja Kamatanda mimi. Labda alisema kitu kingine. Nilikwenda hadi dispansari, Elie akinishikia mkoba, nikaoshwa masikio yote mawili. Nesi akaniambia, "Mama, masikio yako mazuri." Nililia pale pale kwenye benchi.

Faraja yangu ilikuwa Elie. Kila alfajiri, kabla ya kwenda Kakontwe, alijaza bidon za maji, madumu makubwa, akazisukuma kwenye baiskeli mpaka kwa Viviane, maana yeye hawezi tena kuchota. Mtaa mzima ulimsifu. Mimi nilimshukuru Mungu kwa kunipa mwanaume wa namna hiyo. Nilikuwa namwongezea nyama kwenye sahani.

Nyama, wenzangu!

Basi siku moja akaja kibandani mchimbaji mmoja, Ricky, nguo zote udongo mwekundu, anataka unités. Nikawa nahesabu chenji. Yeye akasoma ile namba iliyopakwa kwenye kibanda, na jina la kikundi.

"Mama, kumbe ni hapa kwa benye ile moto nyekundu?"

"Moto gani?"

"Si ile moto yenu! Motopompe. Shiye kule Kamatanda tunaiita moto tu." Akacheka. "Iko na nguvu, mama! Shimo yetu ikijaa mayi, Papa Germain, mwenye shimo, anatuleteaka. Inavuta, inavuta, saa tunashuka tena kuchimba."

Chenji ikaniponyoka.

Motopompe, moto. Hata wanaume wetu waliifupisha hivyo siku nyingine, mimi sikuwahi kulitilia maanani.

Nilimwuliza président moto uko wapi, akanijibu moto iko wapi. Mimi nilikuwa natafuta moto unaochoma, yeye alikuwa na moto inayovuta maji, iko mbele yake inanguruma. Ndiyo ile ngurumo niliyodhani ni lori! Na lile swali lake, "Nani alikuambia?" Swali la mwizi aliyeshikwa mkono ukiwa mfukoni. Alidhani nimeshajua.

Kiswahili cha shule kingetuokoa siku ile. Moto uko, pampu iko, mambo kwisha. Lakini huku kwetu vyote ni iko, na nani anakumbuka cha shule nyumba ikiwaka?

Halafu matope. Kiangazi kile, barabara vumbi tupu, matope kwenye kichujio yalitoka wapi? Wote tuliyaona. Hakuna aliyeuliza. Hata mimi.

Nikamkalisha Ricky, nikampa maji. Nikauliza kwa sauti ya chini, "Ile siku yenye bazima-moto balikuya kule Kamatanda, ulikuwa?"

"Eeh! Tulisikia aibu mu nafasi yao, mama. Balishuka na ndoo, balikuwa banalalamika 'moto iko wapi, moto iko wapi,' na shiye tunabaonyesha pompe. Papa Germain anaikala pa kiti, moto inavuta mayi. Moja akaipiga teke akalia. Ule wa gilet yenye kiraka ya kitenge pa mugongo, rangi ya manjano."

Nikamwambia aendelee.

"Kisha telefone yake ikalia. Bakataka kupakia pompe mbio, mais Papa Germain akabaita kwanza pembeni. Bakasemezana. Kisha njo bakaenda."

Aliyempigia ni mimi. Mimi nikipiga kelele barabarani, Viviane anaungua mikono, na wao wamesimama pembeni wanapanga watasema nini.

Nilifunga kibanda jua likiwa bado juu.

Elie alirudi mweupe na chokaa, akaanza kunawa uani. Nilisimama nyuma yake.

"Elie. Ile siku, moto ilikuwa wapi?"

"Moto gani?"

"Weye chagua."

Mikono ikasimama ndani ya beseni. Hakugeuka. Nilikuwa bado na tumaini dogo la kijinga kwamba atakataa, kwamba Ricky amekosea mtu. Lakini aliketi chini, pale pale kwenye maji machafu.

"Parrain alituombaka," akasema. "Alisema bamama ba soko bakijua, batakamata pompe, groupe itakufa. Alisema kesi yako ni ndogo, itapita, bantu banasahau."

"Kesi yangu ndogo? Minye njo nilioshwa masikio! Ulinipeleka weye mwenyewe, ukanishikia sac!"

"Mama Shalom..."

"Nililia kila siku ndani ya hii nyumba, unanipangusa machozi, unajua!"

"Ni parrain yetu. Njo alitusimamiaka mu kanisa. Ningemuvunja namna gani mbele ya bantu?"

"Na minye, ni nani yako?"

Nilikuwa na sufuria mkononi. Namshukuru Mungu ilikuwa ya moto, ikabidi niiweke chini.

Kisha nikakumbuka zile bidon za kila alfajiri. Nilidhani ni huruma, kumbe alikuwa analipa deni kwa maji ya kisima, na sifa anapokea.

Asubuhi sikuenda kibandani. Nilikwenda sokoni, kwa Clotilde, nikamweleza. Alifunika makala yake, akajifunga kitenge kiunoni, akaanza kupita meza kwa meza. Tulipotoka sokoni tulikuwa wengi, wa mboga, wa samaki, wa unga. Elie alikuja nyuma yetu. Sikumwita wala sikumfukuza.

Papa Germain alitoka barazani na kikombe cha chai.

"Bamama, kuna nini?"

"Tunakuya kukamata moto yetu," Clotilde akasema.

Niliona uso wake ukishuka. Alinitafuta kwa macho, akanipata.

"Mama Shalom, njo weye? Ecoute, hii ni malentendu tu. Ni neno moja tu, kila muntu alilisikia kwa njia yake."

"Président, neno ni moja, kweli. Mais shimo ni ya nani?"

Akaanza kuongea juu ya umoja, juu ya shetani anayependa kugawanya watu. Nikamgeukia Elie.

"Sema."

Wanaume wa kikosi walikuwa wameanza kufika, Arsène naye. Elie akatoa kofia.

"Parrain, pompe ilikuwa mu shimo. Shiye bote tuliiona. Tukaambiana tunyamaze."

"Filleul yangu! Mutoto yangu!" Papa Germain akasema, kana kwamba amepigwa kofi yeye.

Arsène akafunika uso kwa kiganja. "Ni kweli," akasema.

Na mnajua wengine walisema nini? Wanaume wazima, wenye ndevu? "Bon, ilishapita. Tusameheane. Mambo ya groupe tuyatengeneze ndani." Ndani! Mtu ameteketea mikono mbele ya watu, ukweli wanataka kuutengeneza ndani! Nilipowaangalia vizuri, nikaona hawamwogopi Papa Germain. Wanaogopa kuonekana walivyo.

Lango la gereji lilikuwa na kufuli. Papa Germain akasema ufunguo umepotea. Mama Daniella akatoka jikoni, akapita mbele ya mumewe, akaufungua mlango kwa ufunguo aliouchomoa kwenye kitenge chake. Hakumwangalia mtu. Alirudi jikoni.

Tuliisukuma pampu wenyewe, wanawake, mteremko mzima mpaka kwenye kiwanja cha Viviane. Elie alitaka kushika mpini. Clotilde akautoa mkono wake kama unavyotoa nzi kwenye samaki.

Viviane alikuwa ameketi chini ya bâche, mikono mapajani. Alitutazama tukiingia, hakuelewa. Nikamwambia Elie aeleze. Akaeleza yote, kutoka lango la président mpaka pembeni ya shimo, na jinsi walivyopatana kuniachia mimi mzigo. Viviane alimsikiliza mpaka mwisho.

"Donc ile mayi ya kila asubuhi," akasema, "ulikuwa unaniletea juu ya ile?"

Elie akainamisha kichwa.

"Usirudie tena na bidon yako hapa."

Kisha akasogea kidogo kwenye mkeka, akanionyesha nafasi kwa kidevu, maana vidole havionyeshi tena. "Mama Shalom, kuya ukae."

Nilikaa. Tulilia wote wawili, nikampangusa pua kwa kitenge changu kwa sababu yeye hawezi.

Sasa pampu inalala kwa Viviane, imefungwa mnyororo, na ufunguo uko shingoni mwake. Simu imerudi kwangu. Tumekubaliana moto ni ule unaochoma tu, pampu iitwe pompe, na Arsène akisahau anafukuzwa mazoezini kama mtoto wa shule. Papa Germain si président tena. Wanaume wamempa cheo cha conseiller. Mnasikia? Mshauri! Anapita mbele ya kibanda changu, ananisalimia, "Binti yangu, habari?" Nami nawasha redio.

Nimeandika haya kwa sababu kuna mtu anasoma hapa naye amenyamazia jambo ili kulinda mkubwa fulani. Unajiambia hujadanganya, umenyamaza tu. Ndugu yangu, kimya chako kimekaa kwenye kichwa cha mtu. Kuna mtu analala na jina baya ambalo ungeweza kumvua kwa sentensi moja, tena pengine mnalala kitanda kimoja. Heshima kwa wakubwa ni jambo jema, lakini heshima inayodai mtu mwingine aungue ni woga uliovaa suti.

Watu wa kanisa wanakuja, dada zake Elie wanakuja, wote swali moja. Mama Shalom, umeshamsamehe bwana yako?

Nawajibu hivi. Jioni huwa nakaa kwenye cherehani ya Viviane, yeye ananiambia wapi pa kukata, nami nakata vibaya, na wateja wake wengi wameshahamia kwingine. Siku atakayotia uzi kwenye sindano kwa mkono wake mwenyewe, njooni mniulize tena.